Mama amesahau Baba Yetu, nami naambiwa nimekuwa mtu wa mwilini

Bwana Yesu asifiwe, Mama.

Nina miaka 44, kitinda mimba kati ya watoto wanne. Huu ni mwaka wa tatu namtunza mama yetu, ambaye ana miaka 79. Daktari alituambia ana dimensia, ile inayoitwa Alzheimer. Kazini nimepunguza siku, na nyumbani hakuna siku inayopungua.

Mama ndiye aliyenifundisha kuomba. Nikiwa mdogo nilikuwa nikisikia sauti yake saa kumi alfajiri, akitutaja kwa majina, tangu kifungua mimba mpaka mimi. Leo hanijui. Siku nzuri ananiita "dada". Siku mbaya ananiita mwizi, eti nimemwibia pesa zake, na anadai nimrudishe kwao, ilhali yuko kwake. Jioni ndiyo ngumu kuliko saa zote. Usiku anaamka mara nne, mara tano, na mara nyingine namkuta ameshalowa, namwosha, nabadilisha mashuka, nalala, naamka tena.

Wiki chache zilizopita nilikuwa namlaza, akaanza mwenyewe: "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako..." Akakwama. Akarudia, akakwama palepale. Akanitazama kama mtoto aliyepotezana na mamaye, akalia. Tangu siku hiyo swali moja linanitafuna: mtu akimsahau Yesu, bado ni wa Yesu?

Ndugu zangu wako mbali. Kaka mkubwa hunitumia ujumbe wa sauti, ananiambia nitazame jambo hili kwa jicho la kiroho, kwamba Mungu ananifundisha subira. Dada yangu anasema adui amepata mlango kupitia mambo ya ukoo wetu, na kwamba tukifunga siku 21 mama atafunguliwa. Yeye ameshaanza kufunga huko aliko. Kuhusu dawa, ananiuliza imani yangu iko wapi. Kaka wa tatu hapokei simu.

Kwenye kikundi chetu cha maombi nimeacha kwenda kwa sababu hakuna wa kumwachia mama. Dada anayetuongoza alinipigia, na mazungumzo yakaisha kwa kuniambia: "Siku hizi umekuwa mtu wa mwilini. Kila ukiongea ni nepi, dawa, usingizi. Huoni tena mambo ya rohoni." Nililia sana, kwa sababu ni kweli. Siombi tena kama zamani. Nikipiga magoti nasinzia.

Na kuna jambo sijamwambia mtu. Usiku mmoja alipokataa kuoshwa akanitemea mate, nilimkaripia, nikamshika mkono kwa nguvu mpaka akapiga kelele. Baadaye nikakaa jikoni nikajisikia nikisema, "Bwana, mchukue tu." Sijui nilikuwa namwombea au namtakia kifo.

Nifundishe kutazama maisha kwa jicho hilo wanalolisema, Mama. Mimi nikitazama naona mashuka tu.

Binti Aliyechoka

*

Amina, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara zote nimesimama pale kwenye "jina lako". Basi nianze hapo, kwa maana nadhani swali hilo lilikunyima usingizi hata usiku ambao mama alilala.

Paulo aliwaandikia Wakolosai: "uhai wenu umefichwa pamoja na Kristo katika Mungu." Tazama mahali ulipofichwa. Haukuwekwa katika kumbukumbu za mama yako, hata zile zilipokuwa nzima na yeye akiamka saa kumi. Umefichwa kwa Mungu. Kitu nilichokuwekea mimi, wewe ukikisahau, hakijapotea, kiko kwangu. Kila usiku tunapolala tunamsahau Kristo kwa saa nzima nzima, na hakuna anayeamka asubuhi akakuta ameachwa. Mtoto mchanga tunayemleta mbele za Bwana hajui hata jina lake mwenyewe. Miaka yote hiyo ilionekana kama mama yako ndiye aliyemshika Mungu. Naye alimshika kweli. Lakini mkono uliobeba uzito ulikuwa wa upande wa pili.

Kisha fungua Isaya 49, mstari wa 15. "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Nimeusikia mstari huu ukihubiriwa mara nyingi kana kwamba jibu la swali lile ni "haiwezekani". Sivyo ilivyoandikwa. Mungu alitafuta katika mapenzi yote ya wanadamu, akachukua lile la mama kwa mwanawe, halafu akakiri wazi kwamba hata hilo laweza kusahau. Wewe umeliona likisahau. Uliitwa dada na yule aliyekuzaa. Ahadi hii iliandikwa kwa watu waliofika hapo ulipofika, na inamhusu mama yako kama inavyokuhusu wewe: yeye amesahau jina lako, na wote wawili hamjasahauliwa.

Sasa kuhusu hilo jicho.

Huyo dada wa kikundi simfahamu na sitaki kumhukumu. Huenda alidhani anakuamsha. Ila neno alilolitumia ni zito na amelitumia vibaya. Soma 1 Wakorintho 3. Wale ambao Paulo aliwaambia kuwa ni watu wa mwilini walikuwa na karama tele: walinena kwa lugha, walitoa unabii, ibada zao zilichangamka. Aliwaita hivyo kwa sababu kulikuwa na husuda na fitina kati yao. Katika Wagalatia 5 anataja matendo ya mwili kwa orodha ndefu, na humo utakuta uadui, ugomvi, wivu, hasira, faraka. Kuosha mwili wa mgonjwa hakumo. Ukishuka mistari michache unafika kwenye tunda la Roho, na huko ndiko uliko uvumilivu, utu wema na fadhili. Nepi ziko huko, binti yangu.

Wengi wetu tumelelewa tukidhani kwamba kuona kiroho ni kuona vitu vingine nyuma ya vitu: nyuma ya ugonjwa kuna pepo, nyuma ya shida kuna somo, nyuma ya kuchelewa kuna adui. Kwa hiyo mtu anayeshughulika na kile kilicho mbele yake tu, shuka hili, kijiko hiki cha uji, tunamwona hajafika. Nenda Yohana 13 ukasome polepole. Yohana anatuambia kwanza kile Yesu alichokijua usiku ule: kwamba Baba amempa vyote mikononi mwake, kwamba alitoka kwa Mungu na anakwenda kwa Mungu. Hakuna mtu aliyewahi kuona mambo ya rohoni kwa upana kama alivyoyaona Yeye saa ile. Na akiwa na ujuzi huo wote, aliondoka chakulani, akaweka kando mavazi yake, akajifunga kitambaa kiunoni, akamimina maji katika beseni, akaanza kuwaosha wanafunzi miguu. Yohana ameyaweka pamoja, aliyoyajua na aliyoyafanya, kana kwamba moja limezaa lingine. Wewe beseni unalo. Ulichokosa ni mtu wa kukuambia umesimama wapi.

Halafu iko ile siku ya hukumu katika Mathayo 25. Wenye haki wanaambiwa kwamba walimlisha Bwana, walimvika, walimwangalia alipokuwa mgonjwa. Nao wanashangaa: "Bwana, ni lini tulipokuona?" Nakuomba ukae na swali hilo. Hawakuona! Walipokuwa wakilisha walimwona mwenye njaa, walipokuwa wakivika waliona mtu asiye na nguo, na siku nyingine pengine waliona mashuka tu. Bwana hakuwauliza kwa nini hawakuhisi kitu. Kwa hiyo usijitese kwa kuwa mkono wako ukiwa ndani ya maji hauhisi utukufu wowote. Harufu itabaki kuwa harufu.

Wala hutakiwi kusema ni vyema pale pasipo vyema. Katika 2 Wakorintho 4 Paulo anasema waziwazi kwamba utu wetu wa nje unachakaa, kisha ndipo anasema wa ndani unafanywa upya siku kwa siku. Mambo yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na kuona kiroho ni kuthubutu kuyatazama yote mawili. Mama akikuita mwizi, unaona ubongo uliochakaa: anaweka pesa mahali, anasahau kwamba aliziweka, na akili inajaza pengo kwa kumshuku aliye karibu. Madaktari wanaliona hili kila mara kwa wagonjwa wa namna yake, kama vile wanavyoona hali ikizidi jioni. Papo hapo unaona mtu ambaye Mungu anamjua kwa jina. Usibishane naye kuhusu pesa. Mtafutie, mzitafute pamoja, kisha mwelekeze kwenye jambo jingine. Akitaka kupelekwa kwao, usimwambie "uko kwako". Muulize kwao kulikuwaje, mwache asimulie.

Kuhusu dada yako sitasema mengi. Kufunga ni kwema, na afunge. Dawa zisiguswe. Paulo alikuwa na Luka, akamwita tabibu mpendwa, na hakuna aliyemwambia kwamba amekosa imani. Wanafunzi walipomwona yule aliyezaliwa kipofu wakataka kujua dhambi ilikuwa ya nani, yake au ya wazazi wake, Yesu aliwajibu kwamba si yake wala si ya wazazi wake. Ugonjwa wa mama una jina. Ulielezwa na daktari Mjerumani, Alois Alzheimer, mwaka 1906, na leo zaidi ya watu milioni 55 duniani wanaishi na dimensia ya namna moja au nyingine, wakiwamo waombaji wakubwa na wasiomjua Mungu kabisa. Na usikubali mtu yeyote aje kumkemea mama kwa sauti chumbani. Hataelewa kinachotokea, ataogopa tu, na wewe ndiye utakayebaki naye usiku huo. Wanaotaka kuomba waje wamshike mkono, waimbe taratibu. Jambo moja la kukumbuka: akibadilika ghafla ndani ya siku moja au mbili, akachanganyikiwa kupita kawaida yake, mpeleke hospitali upesi. Kwa wazee maambukizi ya njia ya mkojo huleta hali hiyo, na yanatibika.

Kwa kaka zako nitasema zaidi, maana hapo nina uchungu.

Katika Marko 7 Yesu anawataja watu waliomwambia baba au mama: mali yangu ambayo ingekusaidia ni Korbani, yaani ni wakfu kwa Mungu. Neno takatifu kabisa, na mzazi akabaki mikono mitupu. Yesu aliwaambia kwamba wanalitangua neno la Mungu. Kukutumia ujumbe wa sauti kuhusu subira, akiwa hajawahi kuamka na mama hata usiku mmoja, kunakaribia sana hapo. Simsemi kwamba ni mnafiki. Mara nyingi mtu aliye mbali huogopa, na maneno ya kiroho humsaidia asiisogelee hofu yake. Lakini mama yenu hali subira.

Kwa hiyo waite, wote watatu, kwa simu ya pamoja, na huyo asiyepokea mwandikie kwamba jambo hili litaamuliwa siku fulani. Usiende na malalamiko, nenda na hesabu. Andika mama anatumia nini kwa mwezi, anaamka mara ngapi, wewe umepoteza siku ngapi za kazi. Kisha omba vitu vinavyoshikika: nani atalipa msaidizi wa usiku, nani atakuja wiki mbili upumzike, nani atasimamia gharama za dawa. Kaka mkubwa akirudia habari ya subira, mwambie kwa upole: "Kaka, nakubali. Sasa wewe unachukua usiku upi?" Kisha nyamaza. Usimjazie jibu.

Umenipa jambo la mwisho kwa siri, nami nalipokea kwa heshima. Mambo ni mawili na usiyachanganye.

Lile la jikoni, "Bwana, mchukue tu", usilibebe kama mauaji. Katika 1 Wafalme 19 Eliya aliketi chini ya mretemu akaomba roho yake mwenyewe aondolewe. Nabii! Mungu hakumkaripia wala hakumhubiria. Alimwacha alale. Malaika akamgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale tena, akaja mara ya pili, akamwambia ale kwa kuwa safari ni kubwa mno kwake. Mlima na sauti ndogo ya utulivu vilikuja baadaye, baada ya usingizi na chakula. Na sura ile haiishi kabla Mungu hajampa Elisha wa kumsaidia. Kusinzia kwako ukiwa umepiga magoti nakuona hivyo hivyo. Lala. Usijenge tena madhabahu ya saa kumi alfajiri wakati umeamshwa saa saba, saa nane na saa tisa. Sema "Bwana, huyu ni wako" unapokunja shuka, na ikitosha hiyo kwa msimu huu, imetosha.

Lile la mkono ni jingine, na ulijua ndiyo maana ukaliandika. Ulimwumiza mtu asiyeweza kujitetea. Tubu, na Bwana anasamehe. Mwambie mama pole hata kama hatakumbuka. Ila toba ya kweli itafute pia njia ya kuzuia isirudiwe. Ukihisi hasira inapanda na mama hayuko hatarini, toka nje ya chumba, vuta pumzi, rudi baada ya dakika chache. Kulowa dakika kumi hakumdhuru kama mkono wako utakavyomdhuru. Akikataa kuoshwa, acha, ujaribu tena baadaye. Na mwambie daktari wake kile ulichoniambia mimi, yote, pamoja na usingizi wako. Hautakuwa mtu wa kwanza kumwambia hivyo. Kama ukiona huwezi tena kuwa naye peke yako usiku, hilo si jambo la kusubiri kikao cha ndugu: mtafute mtu siku hiyo hiyo.

Mwite pia mchungaji wako. Umwombe kikundi kije kwako badala ya wewe kwenda kwao. Katika Marko 2 yuko mgonjwa wa kupooza aliyebebwa na watu wanne, na Marko anasema Yesu aliiona imani yao. Mgonjwa mwenyewe hajasema neno lolote mpaka hapo. Mama yako sasa ndiye aliye kitandani, na wewe umeshika pembe zote nne. Tatu si zako.

Umesema alianza Baba Yetu mwenyewe, bila kuulizwa. Ugonjwa huu kwa kawaida hula mambo ya karibuni kwanza. Yale yaliyorudiwa tangu utotoni, nyimbo na sala, mara nyingi hukaa muda mrefu zaidi. Kwa hiyo tafuta nyimbo za ujana wake, siyo hizi mpya tunazoziimba sisi, umwimbie wakati wa kumwosha. Na wakati wa kumlaza, akikwama tena kwenye "jina lako", usimsahihishe wala usimwulize neno linalofuata. Mshike mkono, taratibu, ule ule uliomshika siku ile, uendelee wewe: litukuzwe, ufalme wako uje. Ukifika mwisho nyamaza kidogo kabla ya kusema Amina. Huenda akaisema yeye.